Jeshi Linalojisoma na Jeshi Linalojirudia

Tarehe 26 Juni 2015, wapiganaji wa Al-Shabaab waliivamia kambi ya wanajeshi wa Burundi huko Leego, Somalia. Gari lililosheheni mabomu lilitangulia likalipasua lango, kisha wapiganaji wengi wakaingia kwa miguu. Kambi ilikuwa peke yake, na msaada haukuwahi. Septemba 1 mwaka huohuo, alfajiri, ikawa zamu ya Waganda huko Janale: gari la mabomu, kisha wapiganaji, na safari hii madaraja yalikuwa yamelipuliwa ili waokoaji wasipite. Januari 15, 2016 ikafuata El Adde, kambi ya Wakenya. Januari 27, 2017 ikafuata Kulbiyow, Wakenya tena. Mei 3, 2022 ikafuata El Baraf, Warundi tena. Mei 26, 2023 ikafuata Bulo Marer, Waganda tena, na Rais Yoweri Museveni mwenyewe akatangaza kuwa wanajeshi 54 wa nchi yake waliuawa hapo.

Miaka minane, kambi sita, mbinu ileile. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Majeshi haya matatu yalikuwa chini ya bendera moja ya Umoja wa Afrika na makao makuu mamoja Mogadishu, lakini kila moja lilisubiri wembe ulifikie lenyewe.

Ni rahisi kusema tatizo lilikuwa vifaa, na vifaa kweli vilikuwa haba. Mwaka 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa Azimio 2036, liliidhinisha helikopta 12 kwa ajili ya AMISOM, operesheni hiyo ya Umoja wa Afrika. Agosti mwaka huo helikopta tatu za kivita za Uganda zilianguka Mlima Kenya zikiwa njiani kwenda Somalia, na kwa miaka kadhaa baadaye anga iliendelea kuwa tupu. Lakini uhaba unaojulikana haupaswi kumshtua kamanda. Kamanda anayejua kwamba helikopta haitakuja hujenga kambi yake kwa namna nyingine: vizuizi mbali na lango, mahandaki marefu, akiba ya risasi ya kutosha siku nzima, na pengine kambi chache kubwa badala ya nyingi ndogo zilizotawanyika.

Wala upungufu haukuwa uzoefu. Waganda walikuwa Mogadishu tangu Machi 2007, na Warundi walifuata mwishoni mwa mwaka huo. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuugeuza uzoefu kuwa maarifa, na maarifa kuwa amri inayomfikia kamanda wa kombania nyingine, wa nchi nyingine, kabla adui hajarudi. Utaratibu huo ndio kiini cha utafiti wa kijeshi. Jeshi la kisasa halipimwi kwa umri wa vifaru vyake. Hupimwa kwa muda linaotumia kuisoma damu liliyomwaga na kubadilika.

Ngazi nne za utafiti

Neno utafiti wa kijeshi likitajwa, wengi hufikiria maabara, makombora na wanasayansi wenye makoti meupe. Hiyo ni ngazi moja tu kati ya nne.

Ngazi ya kwanza ni ya zana: kubuni, kuunda na kujaribu silaha, magari, mawasiliano na vifaa vya kujikinga. Ndiyo ngazi ghali kuliko zote na ndiyo inayopendwa na wanasiasa, kwa kuwa matunda yake yanaweza kupitishwa kwenye gwaride. Ya pili ni uchambuzi wa operesheni, yaani kuchukua takwimu za mapigano na kuuliza tunatumiaje vizuri zaidi kile tulicho nacho tayari. Ya tatu ni ya mbinu na miongozo: jeshi linaamini nini kuhusu namna ya kupigana, imani hiyo imeandikwa wapi, na nani ana mamlaka ya kuibadili. Ya nne ni mkakati, inayouliza vita hivi ni vya nini, vitaishaje, na ushindi wa medani utageuzwaje kuwa amani ya kisiasa.

Jeshi linaweza kung'ara katika ngazi moja na kuanguka katika nyingine. Nchi maskini kwa kawaida haiwezi kushindana katika ile ya kwanza. Tatu zilizobaki hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji ukweli, ambao huenda ukawa mgumu kupatikana kuliko fedha.

Penseli dhidi ya manowari

Mfano ulio wazi wa ngazi ya pili unatoka Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1941 mwanafizikia Patrick Blackett, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1948, alihamia Kamandi ya Pwani ya jeshi la anga, iliyokuwa ikiwinda manowari za Kijerumani katika Atlantiki. Ndege zilikuwepo, mabomu ya kulipukia majini yalikuwepo, marubani walikuwa hodari, lakini manowari chache mno zilikuwa zikizama.

Wanasayansi walizisoma taarifa za mashambulizi, moja baada ya nyingine, wakagundua kosa lililojificha katika jambo lililoonekana la busara. Mabomu yalikuwa yametegwa kulipuka kwenye kina cha futi 100 hivi, kwa kudhani kwamba manowari ikiiona ndege itakuwa imeshazama kina hicho. Ukweli ni kwamba manowari iliyokwisha kufika huko ilikuwa pia imeshapotea machoni, hivyo rubani alikuwa akibahatisha tu mahali pa kuangusha. Manowari zilizoweza kupigwa ni zile zilizokuwa bado juu au ndiyo kwanza zinaanza kuzama, na hizo bomu lilizipita na kulipuka chini kabisa. Kina kikapunguzwa hadi futi 25, na mashambulizi yakaanza kuzaa matunda zaidi kwa ndege zilezile na mabomu yaleyale.

Baadaye Blackett na wenzake walionyesha kwamba misafara mikubwa ya meli za mizigo ni salama kuliko midogo. Idadi ya meli zinazozamishwa katika shambulio moja haikutegemea sana ukubwa wa msafara, na ukubwa ukiongezeka, mzingo unaopaswa kulindwa hauongezeki kwa kasi ileile. Wanamaji wengi waliamini kinyume chake. Hesabu ya penseli iliokoa meli ambazo hakuna kiwanda ambacho kingeziunda kwa wakati.

Utafiti wa namna hii unawezekana Nairobi, Kampala au Dar es Salaam kesho asubuhi. Mabomu yanayotegwa katika barabara za Mandera, Garissa na Lamu yana mtindo wake: saa ya mlipuko, umbali kutoka kituo cha karibu, aina ya gari, siku zilizopita tangu doria ya mwisho. Hivyo hivyo uvamizi wa kambi. Anayekusanya taarifa hizo kwa utaratibu, akampa mtakwimu wa chuo kikuu na ofisa aliyekuwepo medani wakae meza moja, tayari ana kitengo cha utafiti. Kinachobaki ni kumruhusu mtakwimu huyo aseme kile ambacho jenerali hapendi kukisikia.

Aliyeshindwa husoma, aliyeshinda hulala

Katika ngazi ya tatu historia ina funzo linalorudi mara nyingi: walioshindwa hujifunza upesi kuliko walioshinda. Prussia ilisambaratishwa na Napoleon huko Jena na Auerstedt mwezi Oktoba 1806. Mwaka uliofuata iliunda tume ya mageuzi chini ya Gerhard von Scharnhorst, na mwaka 1810 ikafungua chuo cha vita mjini Berlin. Mwanafunzi wa Scharnhorst, Carl von Clausewitz, ndiye aliyeacha maandishi kuhusu vita ambayo mjane wake Marie aliyachapisha kuanzia mwaka 1832, na ambayo hadi leo husomwa katika vyuo vya ukamanda duniani kote.

Karne moja baadaye Ujerumani ilirudia zoezi hilo kwa ukubwa zaidi. Mkataba wa Versailles ulilibana jeshi lake lisizidi watu 100,000, bila vifaru wala ndege za kivita. Desemba 1919 Jenerali Hans von Seeckt aliunda kamati 57 za kuisoma vita iliyokwisha, na maofisa zaidi ya 400 wakahusishwa. Maswali yao yalikuwa mafupi: ni hali gani mpya zilizojitokeza vitani ambazo hatukuzitarajia? Mawazo yetu ya kabla ya vita yalifaa kiasi gani? Silaha mpya zimetufunza nini? Na ni matatizo gani ambayo vita vimeyaibua na bado hayana jibu? Swali hilo la mwisho ndilo lililozaa matunda, kwa sababu lilimlazimu kila ofisa kukiri kwamba kuna asilolijua. Waingereza walioshinda vita hivyohivyo waliunda kamati yao ya kukusanya mafunzo mwaka 1932, miaka 14 baada ya bunduki kunyamaza.

Ufaransa nayo ilisoma, ila ilisoma ili kuthibitisha ilichokwisha kukiamini: kwamba moto wa mizinga na ulinzi wa ngome hushinda mwendo. Mwaka 1934 Charles de Gaulle, wakati huo Luteni Kanali, alichapisha kitabu akidai jeshi la kitaaluma lenye vikosi vya vifaru. Mwaka uliofuata, chini ya Jenerali Maurice Gamelin, ikaamriwa kwamba makala, mihadhara na vitabu vya maofisa vipate kibali cha makao makuu kwanza. Maofisa wakaelewa ujumbe, wakanyamaza. Mwaka 1940 vifaru vya Ufaransa havikuwa duni kwa vile vya Ujerumani, si kwa idadi wala kwa unene wa chuma. Nchi ilianguka katika wiki sita.

Hata hivyo mfano wa Ujerumani usimezwe mzimamzima. Jeshi lililosoma vizuri kuliko yote namna ya kushinda pambano halikuwa na jibu la namna ya kushinda vita. Liliingia katika mapambano na Uingereza, Urusi na Marekani kwa wakati mmoja, likitumikia siasa za uhalifu, na miaka mitano baada ya Paris kuanguka Berlin ilikuwa kifusi. Ustadi wa mbinu bila akili ya mkakati hulifikisha taifa kwenye maangamizi kwa haraka zaidi.

Cheo, siri na zoezi la kujifurahisha

Kwa nini basi majeshi mengi hayajisomi? Sababu ya kwanza ni cheo. Jeshi husimama kwa utii, na utii ukizidi mipaka hugeuza kila taarifa kuwa ya kumpendeza mkubwa. Baada ya Vietnam, Marekani ilijenga kituo cha mazoezi katika jangwa la Fort Irwin, California, ambako tangu mwanzo wa miaka ya 1980 brigedi hupambana na kikosi cha wenyeji kinachocheza nafasi ya adui na ambacho mara nyingi huwashinda wageni wake. Mitambo ya leza huonyesha nani amempiga nani, kwa hiyo hakuna ubishi. Baada ya pambano watu hukaa chini: tulipanga nini, kilitokea nini, kwa nini, na kesho tufanyeje? Sajenti anaweza kusema mbele ya kanali kwamba amri ilichelewa. Kanali haruhusiwi kukasirika.

Lakini hata Marekani hujidanganya. Mwaka 2002 ilifanya zoezi kubwa liitwalo Millennium Challenge, lililogharimu dola milioni 250 hivi. Luteni Jenerali mstaafu Paul Van Riper alipewa jukumu la kuongoza adui wa kubuni katika Ghuba. Alituma ujumbe kwa pikipiki badala ya redio ili asisikilizwe, akashambulia kwa makombora na boti ndogo nyingi kwa mpigo, na akazamisha meli za kivita 16 katika hesabu za zoezi. Wasimamizi wakazifufua meli hizo, wakaanza upya, na wakambana adui asitumie mbinu zake. Van Riper akajiondoa. Zoezi ambalo adui amekatazwa kushinda ni sherehe yenye sare, na maofisa wetu wengi wamewahi kuhudhuria sherehe za aina hiyo.

Sababu ya pili ni siri. Serikali ya Kenya haikutoa idadi kamili ya waliouawa El Adde. Wapo waliotetea ukimya huo kwa hoja kwamba adui asipewe cha kushangilia. Lakini adui alikuwepo. Al-Shabaab walipiga picha za video za shambulio hilo na kuzisambaza, maana yake ni kwamba walikuwa na kumbukumbu ya kujifunzia na ya kufundishia wenzao. Uchambuzi wa kina uliopatikana hadharani uliandikwa na mwanazuoni wa nje, Paul Williams, na kutolewa na taasisi moja ya New York miezi sita baadaye, ukiwa umejaa maswali yasiyojibiwa. Kamanda wa Burundi au Uganda aliyetaka kujua kilichotokea El Adde alikuwa na njia nyepesi zaidi ya kukijua kupitia video za adui kuliko kupitia jeshi rafiki.

Hakuna anayedai kwamba kila kitu kichapishwe gazetini. Kuna siri zinazolinda askari: mahali pa kambi, masafa ya redio, vyanzo vya upelelezi. Na kuna siri zinazolinda sifa za watu. Jeshi lenye afya hutenganisha hizo mbili. Kenya ilionyesha kwamba inawezekana kuandika. Mwaka 2014 jeshi lake lilichapisha kitabu kuhusu Operesheni Linda Nchi, yaani kuingia kwake Somalia mwaka 2011, hatua adimu katika ukanda wetu. Mtihani wa kweli wa uandishi wa kijeshi, hata hivyo, ni siku ya kushindwa.

Kagera: funzo lililojificha nyuma ya ushindi

Tanzania ina hazina yake. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera na daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga vipo, na wengi wetu tunakumbuka hotuba hiyo kuliko tunavyokumbuka kazi iliyofuata. Jeshi lililokuwa na watu pungufu ya 40,000 lilipanuliwa kwa mgambo, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na wengineo hadi likavuka 100,000 katika muda mfupi. Kulisha, kusafirisha na kuwapanga watu hao katika mkoa ulio mbali kabisa na bandari ilikuwa kazi ya unadhimu ambayo ingetosha kufundishwa kozi nzima.

Chukua pambano la Lukaya, ndani ya Uganda, peke yake. Machi 10, 1979 Brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo, ilikutana na nguvu ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin, ikatawanyika. Usiku huohuo makamanda wakabadili mpango. Brigedi ya 208, iliyokuwa mbali kaskazini-magharibi, ikaamriwa kugeuka na kuja kuikata barabara ya Kampala nyuma ya adui, huku ile ya 201 ikikusanywa upya. Siku ya pili Walibya wakajikuta katikati. Kati ya kushindwa na kushinda palikuwa na usiku mmoja wa kukubali ukweli. Makamanda wale walijifunza kwa saa.

Na kulikuwa na akili ya mkakati pia. Kampala ilipokaribia kuanguka, Nyerere aliagiza njia ya mashariki kuelekea Jinja iachwe wazi ili Walibya waondoke. Kuwazingira na kuwaangamiza kungeleta sifa ya kijeshi na uhasama wa kudumu na Libya, na hiyo haikuwa sababu ya vita. Kampala ilikombolewa Aprili 11. Silaha zilitumikia siasa, kama Clausewitz alivyotaka.

Upungufu ulikuja baadaye. Vita viliigharimu nchi dola milioni 500 hivi, na ile miezi 18 ambayo wananchi waliombwa kufunga mikanda ikageuka kuwa miaka. Baldwin Mzirai aliandika Kuzama kwa Idi Amin mapema, mwaka 1980, na waandishi Tony Avirgan na Martha Honey wakafuata mwaka 1982 kwa kitabu cha Kiingereza ambacho hadi leo kila mtafiti hukirejea. Kazi hizo ni za waandishi wa habari. Ushuhuda wa mabrigedia, maofisa ugavi, madereva na wahandisi wa madaraja unaondoka pamoja nao makaburini. Ushindi ulitupa fahari, na fahari ikatupunguzia hamu ya kuuliza ni wapi tulibahatika tu.

Kushinda pambano, kupoteza swali

Ngazi ya nne ndiyo inayowahusu zaidi raia, na ndiyo inayosahaulika. Machi 28, 2013 Azimio 2098 liliunda kikosi cha kushambulia ndani ya jeshi la Umoja wa Mataifa nchini Kongo, chenye wanajeshi 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kufikia Novemba mwaka huo, wakishirikiana na jeshi la Kongo, waliwaondoa waasi wa M23 katika milima ya Rutshuru. Ulikuwa ushindi safi wa medani. Lakini Desemba 7, 2017 kambi ya Watanzania huko Semuliki ilivamiwa, wanajeshi wasiopungua 14 wakauawa. M23 wakarudi mwishoni mwa 2021. Nchi zilezile tatu zikapeleka wanajeshi tena, sasa chini ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), na Januari 2025 mji wa Goma ukaanguka mikononi mwa M23. Machi mwaka huohuo SADC ikaamua kuondoka.

Swali la mkakati hapa halihusu ujasiri wa askari. Linauliza: ushindi wa 2013 ulikabidhiwa kwa nani? Nani alikuwa na kazi ya kuugeuza kuwa makubaliano, utawala na barabara? Jeshi likishinda na hakuna aliye nyuma yake wa kupokea ushindi huo, huitwa tena baada ya miaka kumi kushinda upya, kwa damu mpya.

Kenya ilikutana na swali hilohilo kwa njia nyingine. Oktoba 2011 iliingia Somalia baada ya utekaji wa watalii na wafanyakazi wa misaada. Operesheni ilianza katika msimu wa mvua na magari yakakwama kwenye tope, jambo ambalo mfugaji yeyote wa Jubba angeliweza kulieleza bila malipo. Septemba 2012 wanajeshi wa Kenya walitua Kismayo kutokea baharini, kazi ngumu iliyofanywa kwa ustadi. Lakini lengo lilikuwa limeshahama kutoka kuwasaka watekaji hadi kushika mji, kisha hadi kujenga taifa la wengine chini ya AMISOM, huku mashambulizi ya Westgate na Garissa yakimwaga damu nyumbani. Lengo linalohama bila mjadala ni dalili kwamba fikra za kimkakati zimeachiwa matukio yenyewe.

Droni na karakana za nyumbani

Tangu 2022 vita vya Ukraine vimegeuza kalenda ya utafiti. Droni ndogo ya dola mia chache huharibu kifaru cha mamilioni. Mwezi mmoja masafa yake ya redio huzibwa na adui, mwezi unaofuata yamebadilishwa, kisha zikaja zinazoongozwa kwa uzi mwembamba wa nyuzi za mwanga ambao hauzibiki. Nguvu haiko katika chombo chenyewe. Iko katika umbali mfupi kati ya askari anayelalamika na fundi anayerekebisha, wakati mwingine karakana moja tu nyuma ya mstari wa mbele.

Mambo haya hayako mbali nasi. Umoja wa Mataifa ulirusha droni zake za kwanza za upelelezi kutoka Goma Desemba 2013, Watanzania wakiwepo. Mei 2025 mashambulizi ya droni yalifika Port Sudan, mamia ya kilomita kutoka mstari wa mbele. Kambi ya leo inayotegemea lango na ukuta tu inalinda vita vya jana.

Tanzania ina Shirika la Nyumbu huko Kibaha na Mzinga huko Morogoro; Kenya ina kiwanda cha Eldoret na kile cha silaha ndogo cha Ruiru. Mashirika haya mara nyingi huulizwa swali baya: je, yanaweza kuunda gari zima au bunduki nzima ya kushindana na wageni? Swali la maana ni je, sajenti aliyerudi kutoka medani na tatizo anaweza kufika mlangoni kwao, na atapata jibu la kujaribu baada ya muda gani? Droni za upelelezi, vifaa vya kuziba mawimbi, wavu wa kuzuia mabomu na mitego ya magari hazihitaji kiwanda kikubwa. Zinahitaji vijana wa vyuo vya ufundi, ruhusa ya kukosea na bajeti isiyosubiri mwaka wa fedha.

Kinachoweza kufanywa

Vyuo tunavyo. Nchini Tanzania, Monduli hufundisha maofisa wapya, Duluti hufundisha ukamanda na unadhimu, na Kunduchi, tangu 2012, huwakutanisha maofisa wakuu na watumishi waandamizi wa serikali. Kenya ilianzisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi mwaka 2021. Rwanda ina Nyakinama. Uganda ina chuo chake Jinja. Uhaba wetu uko katika mkondo unaopaswa kupita kati ya chuo na medani. Tasnifu za maofisa wanafunzi zinaandikwa kila mwaka. Ni ngapi zimewahi kubadili ukurasa mmoja wa mwongozo wa mafunzo?

Mambo manne yangeubadili mkondo huo. Kwanza, kila pambano kubwa lichunguzwe na timu isiyo chini ya kamanda aliyeliongoza, na taarifa itoke ndani ya siku 30. Pili, toleo lililoondolewa siri za kiutendaji lifike kwa majeshi rafiki yaliyo katika operesheni ileile. Tatu, kumbukumbu za zamani, Kagera ikiwa ya kwanza, zirekodiwe kwa sauti za wahusika kwa Kiswahili walichopigania na kufunguliwa kwa watafiti kwa utaratibu. Nne, mazoezi yawe na adui aliyeruhusiwa kushinda, na ofisa aliyeandika ukweli mchungu apandishwe cheo mbele ya wenzake ili wote waone.

Israel baada ya vita vya Oktoba 1973 ilikwenda mbali zaidi: iliunda ndani ya upelelezi wake kitengo ambacho kazi yake ni kupinga kile ambacho wengine wote wamekubaliana. Kitengo hicho hakikuzuia kila kosa, kwa maana pingamizi linaweza kuwepo na lisisikilizwe. Ndiyo maana jukumu la mwisho si la wanajeshi peke yao. Kamati za Bunge za ulinzi, Dodoma na Nairobi, huketi kila mwaka kujadili bajeti na huuliza fedha zilinunua nini. Swali hilo ni halali, lakini halitoshi. Wabunge waongeze la pili, hata kama jibu litatolewa faraghani: mwaka huu mmebadilisha nini kwa sababu ya mlichojifunza mwaka jana? Jeshi lenye jibu la swali hilo lina utafiti, hata kama halina maabara. Lisilo nalo linahitaji kusaidiwa kabla halijanunuliwa silaha nyingine.